Mama Kontroli na Moshi wa Magari Mapya

Ulipofika kituo cha kontroli, yaani ukaguzi wa magari, hapa Rumonge kando ya ziwa, Mama hakukutazama wewe kwanza. Alitazama gari. Alilizunguka polepole, mikono nyuma, koti lake la bluu limefungwa vifungo vyote hata kwenye joto la mchana, kisha akainama kwenye bomba la moshi na kunusa. Ndiyo, alinusa, kama mtu anayetaka kujua kama maziwa yameharibika. Baada ya hapo ndipo alipokuinulia macho na kukusalimu: "Amahoro." Wakati huo wengi wetu tulikuwa tumeshaanza kutoka jasho.

Sisi shoferi wa njia ya Bujumbura tulimwita Mama Kontroli. Jina lake tulilijua, maana lilikuwa limeandikwa chini ya kila karatasi aliyotupa, lakini hakuna aliyelitumia. Nilimjua kwa miaka kumi na mitatu. Miaka ya kwanza sikumpenda hata kidogo. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani namsifu kwa sababu alinipendelea. Hakunipendelea. Gari langu la kwanza alilirudisha mara tatu.

Alikuwa mmoja wa wale waliorudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Ufundi wa magari aliujifunza huko huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimenyooka. Sisi huku tunasema "gari iko mubaya" na tunaelewana. Yeye alisema "gari hili ni bovu," na shoferi walicheka wakijificha. "Mama anaongea kama redio," walisema. Alijua kwamba wanamcheka. Siku moja alitoka ofisini, akasimama mbele ya foleni na kusema, "Redio inarudia habari saa ya pili kwa wale ambao hawakusikia. Breki za gari la tatu ni mbovu. Narudia: breki za gari la tatu ni mbovu." Akarudi ndani. Tulicheka mpaka mwenye gari la tatu naye akacheka, kisha akaenda kutafuta breki.

Hakuwa mtu wa zawadi. Kuna mchuuzi mmoja wa samaki aliyemwachia mikeke wanene mezani, wamefungwa kwenye jani la mgomba, akatoka kimya kimya. Mama aliwabeba hadi katikati ya uwanja, akawaweka juu ya pipa tupu la mafuta na kutangaza, "Kuna samaki wamesahauliwa. Mwenyewe aje awachukue kabla jua halijawachukua." Nani angejitokeza? Samaki walikaa pale siku nzima. Ilipofika jioni kituo kizima kilinuka, na mimi mwenyewe nilihesabu paka wanne. Tangu siku ile hakuna aliyesahau samaki tena.

Lakini usifikiri alikuwa jiwe. Kanisani aliimba sauti ya juu kabisa, macho amefumba, na nyimbo za Pasaka zilimtoa machozi. Alipenda utani wa wanawake wa sokoni. Na jambo lililotushangaza kuliko yote: alikuwa anaogopa magari. Mtu aliyeweza kusikiliza moteri na kukuambia silinda ipi imechoka hakuwahi kujifunza kuendesha. Alikuja kazini kwa miguu. Akilazimika kupanda basi alikaa katikati, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, hakuzungumza na mtu mpaka afike. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akajibu, "Mimi najua vitu vilivyomo ndani yake. Wewe hujui, ndiyo maana unalala."

Ndani ya ofisi alikuwa na mashine ya kupimia moshi. Mrija wake unaingizwa kwenye bomba, shoferi anakanyaga mafuta hadi mwisho, na mashine inaonyesha namba. Namba ikizidi kiwango, hupewi cheti, na bila cheti hubebi abiria. Mashine ile aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini kama mtu anayefuta miwani. Ilipoharibika kwa wiki mbili, alifunga kitambaa cheupe kwenye bomba ili tuone wenyewe masizi. Lakini wiki zile hakumnyima mtu cheti kwa sababu ya moshi, hata wale ambao kitambaa chao kilitoka cheusi tii. Mwenzake alimuuliza kwa nini anawaachia. "Kitambaa hakina namba," alisema. "Nikimzuia mtu, nataka nimwonyeshe ni kwa kiasi gani."

Na aliwahi kukosea. Mzee mmoja wa Nyanza-Lac alikuja na lori lake la kubeba mawese, likashindwa, akarudi nyumbani kichwa chini. Siku mbili baadaye Mama aligundua kioo cha ndani ya mashine kilikuwa na uchafu, na namba zote tangu asubuhi ile zilikuwa za uongo. Wengine wote walikuwa watu wa Rumonge, akawaita kwa simu. Mzee yule hakuwa na simu. Basi Mama alipanda basi langu, akashika kiti kwa mikono miwili mpaka Nyanza-Lac, akauliza nyumba hadi nyumba. Nilimsindikiza kwa udadisi tu. Alipomkuta mzee alisema, "Nimekuja kukuambia kwamba gari lako halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu." Mzee alimwita mke wake aje asikie. Akamwambia Mama arudie. Mama akarudia.

Siku ile ndipo nilipoanza kumheshimu. Kumpenda kulikuja baadaye, na kulikuja kwa njia ngumu.

Shirika letu la shoferi lilikuwa limeweka akiba kwa miaka, tukanunua mabasi madogo sita, mapya kabisa, kwa muuzaji mmoja wa Bujumbura. Siku tulipoyaleta Rumonge watu walitoka madukani kutazama. Mke wangu alipanda lile nililopewa mimi, akaenda nalo hadi mwisho wa mji na kurudi, bila sababu yoyote, kwa furaha tu. Viti vilikuwa bado na plastiki.

Haukupita mwaka, yalianza kutoa moshi. Kwanza kidogo, kwenye mlima. Kisha hata barabara ya tambarare. Pale kijiji cha Magara, gari langu likipita, watu waliokuwa wanaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, walijifunika nyuso kwa kanga na kunitukana. Mimi nilijifanya sisikii.

Siku ya kontroli tulienda wote sita pamoja, tukijua kwamba magari mapya hayawezi kukataliwa. Mama aliyazunguka, akanusa, akapima moja moja. Yote sita yalishindwa.

"Mama, hizi gari iko mupya!" mwenyekiti wetu alipaza sauti. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu mkubwa, mwenye moyo mzuri na hasira za haraka. "Hata mwaka haijafika! Unataka tule nini?"

"Nimeona kwamba ni mapya," Mama alisema. "Ndiyo maana nimeshangaa kuliko wewe."

Hatukusikiliza. Tulimtukana mbele ya watu. Mimi pia. Nilimwambia kwamba mtu asiyejua kuendesha hawezi kujua shida ya shoferi. Alinitazama tu, akaandika namba, akatupa karatasi zetu sita.

Tulikwenda kwa muuzaji. Akatwambia kosa ni letu. Miezi ile mafuta yalikuwa shida nchini, na kweli wengine wetu tulinunua mazutu, yaani dizeli, kwenye mabidoni kando ya barabara. "Mafuta machafu, moshi mchafu," alisema. "Kiwanda hakihusiki." Tulirudi Rumonge bila kubishana, kwa sababu tulihisi kwamba anasema kweli.

Asubuhi iliyofuata Mama alituita. Tulidhani anataka tuombe msamaha. Alikuwa na kile kitabu kidogo kinachokuja na gari, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukifungua. Kimeandikwa Kifaransa. Alikuwa amekisoma usiku wote na kuweka vipande vya karatasi ndani.

"Kaeni," alisema. "Nani kati yenu aliahidi kwamba gari hili halitatoa moshi kupita kiwango?"

Tukatazamana.

"Hakuna," alijibu mwenyewe. "Aliyeahidi ni aliyelitengeneza. Ameandika hapa, na amepiga chapa kwenye kibati kilichopo chini ya boneti. Anasema gari linatimiza kiwango fulani cha moshi, na kwamba likishindwa ndani ya muda huu, na kosa likiwa la kiwanda, yeye ndiye wa kulitengeneza. Si wewe. Ninyi mnalia kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyewauzia."

"Lakini mafuta, Mama," nikasema. "Muuzaji anasema ni mafuta."

"Inawezekana ni mafuta. Tuyaondoe, tuone."

Wiki ile tulifanya kazi aliyotuelekeza. Tulimwaga matanki yote, tukabadilisha vichujio, tukasubiri foleni ya kituo cha mafuta siku mbili ili tupate mazutu safi. Akapima tena. Namba zilishuka kidogo, lakini bado zilikuwa juu sana. Kisha akatafuta gari la saba. Parokia moja ya jirani ilikuwa na basi kama yetu, la toleo lile lile, ambalo lilitoka Jumapili tu na lilikunywa mafuta ya depo yao wenyewe. Padri alilileta akicheka, akisema lake ni safi kama sakristia. Lilishindwa nalo.

Padri aliacha kucheka. Mama aliandika namba.

"Shoferi saba tofauti, mafuta tofauti, njia tofauti," alisema. "Ugonjwa ni mmoja. Basi ugonjwa ulizaliwa nao."

Aliandika barua ya kurasa tatu. Nakala moja kwa muuzaji, nyingine kwa wakubwa wa kazi yake, nyingine moja kwa moja kwa kiwanda, ng'ambo. Ndani yake hakukuwa na neno la hasira. Namba za shasi, namba za vipimo, mafuta yaliyotumika, na mwisho ombi moja: kiwanda kichunguze toleo lote, kwa sababu si Rumonge peke yake lilikouzwa.

Muuzaji hakupenda kabisa. Kiwanda kikithibitisha, angepaswa kuyaita magari yote aliyouza nchini. Akamtuma fundi wake Rumonge, kijana mwenye kompyuta ndogo, mpole sana. Alifanya kazi kwenye mabasi yetu asubuhi nzima. Mchana aliomba yapimwe. Yalipita yote! Namba zilikuwa chini, nzuri, kama za gari lililotoka dukani leo. Mwenyekiti wetu alimkumbatia fundi yule mpaka miguu ikaacha ardhi. Sisi tulishangilia. Karatasi tu ilikuwa imebaki.

Mama hakuandika.

"Gari hili limepimwa likiwa limesimama," alisema. "Ninyi mnafanya kazi mlimani. Twende mlimani."

"Mama, sheria inasema unapima hapa uwanjani," fundi alisema.

"Ndiyo. Na hapa uwanjani limepita, nitaandika hivyo. Lakini nataka kujua pia linafanya nini huko ambako watu wanapumua."

Alipanda gari langu. Alikaa mbele, karibu na mimi, mashine na betri yake vikiwa miguuni pake. Tukakata kushoto, barabara ya Bururi, ile inayopanda kona kwa kona mpaka ziwa linabaki chini kama sahani. Kwenye kona ya tano nilitazama kwenye kioo. Wingu jeusi lilikuwa limefunga barabara nyuma yetu. Nilimtazama Mama. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa woga, mikono imeng'ang'ania dashibodi, jasho linamtiririka, lakini alikuwa anasema, "Panda. Usisimame. Panda."

Kwenye tambarare ndogo kabla ya kona za mwisho tulisimama, akashuka. Akafunga mrija kwenye bomba, akaupitisha dirishani hadi kwenye mashine, na kuniambia nipande hadi juu. Namba ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya kwanza.

Tuliporudi hakumpigia kelele fundi. Alimwita pembeni, na mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Mwanangu, umelifundisha gari kujibu vizuri kwenye mtihani tu," alisema. "Umepunguza mafuta likisimama, likienda linarudi kama zamani. Ni wewe uliyeamua hivyo?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Hapana, Mama. Niliambiwa."

"Basi nitaandika kwamba uliambiwa. Wewe rudi salama."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mkubwa mmoja alimpigia simu mbele yetu, tukasikia sauti ikitoka kwenye simu kama nyuki. Alimwambia anaharibu biashara, na kwamba kuna vituo vingine, mbali na ziwa, vinavyohitaji mkaguzi. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Kama kiwango kimebadilika, naomba niletewe karatasi," alijibu. "Kama hakijabadilika, namba niliyoandika ni hiyo hiyo. Na huko mnakotaka kunipeleka, nitapima kwa mashine kama hii." Akaweka simu mezani. Akaita gari lililofuata.

Na magari yetu yalikuwa yamelala, kwa sababu namba za udanganyifu Mama hakuzipa cheti. Nyumbani kwangu tulikula mihogo na ndagala, ndagala na mihogo. Kuna jioni mwenyekiti alikusanya shirika na kusema afadhali tutafute cheti kwa njia nyingine, Bujumbura huko kuna watu. Nikasimama. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu, lakini nilisimama.

"Huyu mama anaogopa gari kama mutoto anavyoogopa mbwa," niliwaambia. "Nimemuona. Na alipanda mulima wote wa Bururi ndani ya gari yangu, kwa sababu yetu. Nani kati ya wale watu wa Bujumbura atapanda mulima kwa sababu yako?"

Mwenyekiti alikaa chini. Alijikuna ndevu. "Aya," alisema. "Tungoje."

Tulingoja wiki saba. Kisha siku moja lilikuja gari jeupe, na ndani yake yule muuzaji, fundi wake mpole, na mgeni mmoja kutoka kiwandani, mtu mwembamba asiyejua neno la Kiswahili ila "asante." Mgeni alikuwa na barua ya Mama mkononi, amepiga mistari chini ya namba zake. Alifungua moteri ya gari langu mwenyewe, hakumwachia mtu. Akatoa kifaa kimoja, kidogo kama ngumi, kile kinachofungua na kufunga njia ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya moteri. Kilikuwa kimeganda wazi, moteri ikinyweshwa moshi wake yenyewe. Akafungua gari la pili: kimeganda. La tatu, vilevile. Akaviweka vyote saba, pamoja na cha basi la padri, juu ya gazeti, akaviangalia, akamwambia Mama maneno kwa Kifaransa. Mama akatutafsiria, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku:

"Anasema vifaa hivi vilitengenezwa vibaya. Anasema kosa ni la kiwanda. Vitabadilishwa vyote bila nyinyi kutoa kitu, na muda wa dhamana utaanza upya leo. Anasema pia toleo lote litaitwa, Bujumbura, Gitega na nchi nyingine lilikouzwa."

Kisha mwenyekiti wetu, yule aliyemtukana, alimwendea Mama, akavua kofia, akainama mpaka chini. "Murakoze cane, asante sana, Mama," alisema. "Murakoze. Utusamehe."

Mama alimgusa bega. "Simama, kuna watu kwenye foleni." Na kweli kulikuwa na lori moja la ndizi lililokuwa linasubiri tangu asubuhi. Akalizunguka, akanusa.

Nimesafiri na watu wengi wakubwa kwenye basi langu, wenye suti na wenye walinzi. Bado nikiulizwa nani mkubwa wa mji huu, namtaja mwanamke yule wa koti la bluu. Barua ya kurasa tatu kutoka Rumonge, iliyopigwa kwenye mashine ya kuandikia yenye herufi moja iliyovunjika, ilimfanya mtu wa kiwanda avuke bahari.

Hakuhamishwa. Alistaafu kwa wakati wake. Kwa miaka miwili sikumwona, kwa sababu alikwenda kukaa na dada yake upande wa Nyanza-Lac, kwenye michikichi.

Mwaka huu, kabla ya mvua, alinipigia simu. Macho yalikuwa yanamsumbua, alitaka kwenda kwa daktari Bujumbura. Nilimfuata, nikamweka mbele. Alikuwa amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe zote. Tulizungumza habari za watoto, za bei ya mawese, za kwaya. Kuhusu magari hakuuliza neno.

Tulipofika Gitaza abiria mmoja aliomba tusimame anunue ndagala. Nilisimama kando ya barabara, moteri ikiendelea kuunguruma. Wauzaji walikuja mbio na sinia zao. Mlango wa basi langu unafunguka karibu na nyuma, kwa hiyo walijazana pale pale kwenye bomba la moshi, wanawake sita au saba, mmoja ana mtoto mgongoni amelala. Walibishana bei, wakacheka, wakasukumana. Mmoja aliweka sinia lake chini, karibu kabisa na bomba, akaendelea kupima samaki kwa kikombe.

Mama alikuwa anawatazama kwenye kioo cha pembeni. Aliwatazama muda mrefu, akifinya macho yake mabovu ili aone vizuri. Sikuweza kuvumilia.

"Mama, niwaambie ni wewe?"

"Uwaambie nini?"

"Kwamba hii gari haitoi moshi kwa sababu yako."

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimesema jambo la kitoto.

"Gari halipaswi kutoa moshi," alisema. "Hiyo siyo habari ya kumwambia mtu." Akateremsha kioo, akatoa mkono nje, akamwita yule mwenye mtoto. "Dada, amahoro. Hizo ndagala zako ni za leo, au za juzi?"